Kabla ya Kununua Fleti Karibu na Laini ya Umeme Mkubwa

Fleti iliyo jirani na minara ya umeme mara nyingi huuzwa kwa bei ya kuvutia, na dalali huwa na jibu tayari: watu wanaishi hapa miaka yote. Mnunuzi naye huja na hofu moja tu, saratani. Kijitabu hiki kinaanza na hofu hiyo, kisha kinageukia swali ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi.

AFYA

Laini yenye umeme huzungukwa na uga wa umeme na uga wa sumaku. Uga wa umeme hupunguzwa sana na kuta, hata na miti. Uga wa sumaku hupenya ukuta, ila hufifia upesi kadiri unavyosogea mbali. Nguvu yake hufuata wingi wa mkondo unaopita, kwa hiyo hubadilika kutwa nzima kulingana na matumizi ya umeme.

Uga wa sumaku hupimwa kwa maikrotesla. Mwaka 2010 ICNIRP, jopo la kimataifa la wataalamu wa mionzi, liliweka kikomo cha 200 kwa raia wa kawaida, kwa umeme wa hezi 50 kama wetu Tanzania. Chini kabisa ya laini kubwa kipimo kinaweza kufika kama 20. Mashine ya kukaushia nywele ikiwa karibu na kichwa inaweza kuzidi hapo, ingawa hutumika kwa dakika chache tu.

Hofu ilitoka wapi? Mwaka 2002 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliuweka uga huu wa sumaku katika kundi 2B, yaani huenda ukasababisha saratani. Tafiti zilionyesha hatari ya saratani ya damu kwa watoto kuwa karibu mara mbili katika nyumba chache zenye wastani unaozidi maikrotesla 0.3 hadi 0.4. Shirika la Afya Duniani lilipitia ushahidi huo mwaka 2007 na kuona hautoshi kusema uga ndio chanzo. Ushauri wetu: mwenye watoto wadogo, akipewa fleti mbili za bei moja, achukue iliyo mbali zaidi. Lakini kuikimbia fleti iliyo mita 100 kutoka kwenye waya kwa sababu ya saratani ni kujinyima bure.

MKUZA

Hapa ndipo pesa za watu hupotelea. Kila laini ya msongo mkubwa ina mkuza, ukanda wa ardhi ambao hauruhusiwi kujengwa. Hapa Tanzania, kwa laini za kilovolti 400, kama ile inayosafirisha umeme kutoka bwawa la Julius Nyerere hadi Chalinze, mkuza ni mita 52, yaani mita 26 kila upande kutoka katikati. Laini za msongo mdogo zaidi zina mkuza mwembamba. Kenya vipimo ni vingine: kwa kilovolti 400 ni mita 60.

Aliyekuwepo kabla ya laini hulipwa fidia. Aliyejenga ndani ya mkuza baadaye, jengo lake huwekewa alama ya X ya kubomolewa, na fidia asiitegemee. Mnunuzi wa fleti anaingia katika mtego wa pekee. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inakupa chumba chako, lakini kiwanja, ngazi na paa ni mali ya wote. Jengo likiwa nje ya mkuza na maegesho yakawa ndani, hasara ni yenu nyote, hata anayekaa ghorofa ya nne upande wa pili.

Kwa hiyo usimuulize dalali, wala usitosheke na barua ya serikali ya mtaa. Fanya upekuzi ofisi ya ardhi, omba ramani ya upimaji na kibali cha ujenzi, kisha nenda ofisi ya shirika la umeme, TANESCO, ya eneo hilo uulize msongo wa laini na upana wa mkuza wake. Mwombe mpimaji aliyesajiliwa akupimie umbali kutoka katikati ya laini hadi ukuta na hadi mpaka wa kiwanja. Uliza pia kama kuna laini mpya iliyopangwa kupita hapo; minara haiji kwa siku moja, mipango yake hutangulia.

ROSHANI NA PAA

Umeme wa msongo mkubwa hauhitaji kuguswa. Huruka hewani, hasa kuelekea chuma. Fundi anayeinua nondo, bomba au mlingoti wa antena juu ya paa yumo hatarini zaidi kuliko mpangaji aliyelala chumbani. Watoto wasirushe tiara karibu na laini. Mvumo unaosikika wakati wa mvua au ukungu ni wa kawaida, lakini ukiona cheche kwenye waya au mnara, toa taarifa. Waya ukianguka chini, usiusogelee. Ondoka kwa hatua fupi za kuburuta miguu, ukiwazuia na wengine.

Malipo ya awali yasitoke mfukoni mwako kabla majibu ya ofisi ya ardhi na ya TANESCO hayajakufikia kwa maandishi.