Mupatanishi naye anachoka: namna ya kunoa jembe lake



Katika namba hii tunaacha kidogo mambo ya mbegu na mbolea. Tunaongea juu ya wale wanamemba wenye tunakimbilia kila mara matata inapotokea: matata ya mupaka wa shamba, ya mbuzi yenye imekula maharagwe, ya feza ya sanduku la koperative. Tunawaita wapatanishi. Wengi wao hawalipwi. Wako walimaji kama sisi, wako na watoto, na mvua ikianza nao wanapashwa kupanda.

Somo letu la leo ni hili: mupatanishi mwenye amechoka anaweza kuharibu amani, hata kama roho yake ni nzuri na kazi anaijua. Kwa hiyo kumulinda na kumusomesha siyo zawadi. Ni kazi ya koperative yote.

Mfano mumoja

Mfano huu siyo wa kijiji fulani, lakini wengi wenu mutautambua.

Ni mwezi wa tisa. Mvua imeanza na kila mutu anakimbilia shamba, kwani mwenye anachelewa kupanda maharagwe atavuna kidogo. Mama mumoja wa komite ya mapatano ameamuka mapema juu ya matata ya mbuzi. Saa sita wanakuja kumuita: bwana na bibi wanapigana juu ya feza ya kahawa. Magaribi, wakati anarudi nyumbani na njaa, anakuta majirani wawili kwenye kiwanja chake. Mumoja anasema mwenzake aling'oa miti ya mupaka usiku.

Huyu mama anajua kazi. Miaka mingi amekuwa akifanya hivi: kwanza anasikiliza kila mutu peke yake, kisha anaenda kwenye udongo pamoja na wazee wenye walikuwako wakati mupaka ulipimwa, anatembea mupaka wote kwa miguu, ndipo watu wanaikaa na kuongea. Lakini siku ile hajakula, shamba lake halijapandwa, na usiku wa jana hakulala. Anasema: « Mugawanye kile kipande katikati, mambo yaishe. » Wanaandika karatasi, wanatia mukono, wanaenda.

Nyuma ya majuma matatu, wale majirani wanashikiana panga. Sababu gani? Katika kile kipande mulikuwa njia ya kwenda kwenye chemchemi. Mumoja ameifunga, na jamaa sita hazipati tena maji. Kama mama angetembea mupaka, angeiona ile njia. Sasa kijiji kinasema: « Alikula kitu. » Hakukula kitu. Alichoka.

Kwa nini kazi hii inachokesha kuliko kulima

Mwenye analima anachoka mwili, analala, kesho yake nguvu inarudi. Mupatanishi anabeba kitu kingine. Anasikia uchungu wa watu wawili wakati mumoja, na hana ruhusa ya kwenda kuutapika kwa jirani, kwani ni siri. Akimaliza kazi harudi muji wa mbali. Anabaki pale pale, anakutana nao kwenye soko, kwenye kanisa ao kwenye musikiti. Mwenye hakufurahi anamuangalia kwa jicho baya.

Tena hapa kwetu Kivu, wapatanishi wengi nao walikimbia vita, walipoteza watu, walikuta shamba lao limekaliwa na mwingine. Kama mutu anakuja kueleza namna alifukuzwa kwenye udongo wake, mupatanishi anasikia historia yake mwenyewe. Machungu ya zamani yanaamuka.

Na matata ya udongo yenyewe ni nguvu. Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Juu ya udongo wenye watu wanakalia kwa desturi, kifungu cha 389 kilisema ordonansi ya Raisi itapanga haki zao. Miaka mingi ikapita bila ile ordonansi kutoka. Ndiyo maana munaona mutu mumoja anakuja na karatasi ya biro ya Serikali, mwingine anakuja na neno la mwami na ushuhuda wa wazee, na wote wawili wanaamini wako na haki. Mupatanishi anaikaa katikati ya ile shida yenye hakuileta.

Alama za kuonyesha kama muzigo umezidi

Mupatanishi ajichunguze. Na wenzake wamuangalie pia, sababu mara mingi mwenye amechoka ndiye wa mwisho kujua.

1. Usiku halali, ao analala na kuota matata ya watu.
2. Kichwa kinauma, mugongo unauma, na kwenye kituo cha afya hawaoni ugonjwa.
3. Anakasirika haraka. Anakatia watu maneno mbele wamalize.
4. Anaanza kusema « wale watu ni namna yao ». Akifika hapo, masikio yamekwisha kufungwa.
5. Anatafuta kasiksi ao pombe kali kila magaribi ili asahau.
6. Anakimbilia kumaliza. Hapendi tena kwenda kuona shamba kwa macho.
7. Nyumbani haongei, ao anaongea kwa sauti ya juu na bibi ama bwana na watoto.

Alama moja kwa siku moja si kitu. Zikiwa tatu na zikiendelea juma mbili, apumuzike, na mwingine achukue kazi. Kama halali kabisa, ao moyo unakataa kuishi, aende kwenye kituo cha afya na aombe kuongea na muganga ao na mutu wa kusikiliza watu. Kuenda pale siyo haya. Mutu mwenye mukono umevunjika haoni haya ya kwenda kufungwa.

Namna ya kujilinda kila siku

Musisikilize peke yenu. Kila matata yapate wapatanishi wawili, na kama inawezekana, mwanaume na mwanamuke. Mumoja anaongoza, mwingine anaandika na anaangalia sura za watu. Mumoja akichoka, mwingine anashika. Na wakisema « walikula », wako wawili wa kujibu.

Mupange siku na saa. Siku mbili kwa juma zinaweza kutosha kwa mambo yenye hayawake moto. Mutu akikuja usiku juu ya mupaka, mumupokee kwa heshima, mumupe kiti, mumuambie: « Ndugu, jambo lako ni kubwa, na siwezi kulisikiliza vizuri na usingizi. Siku ya ine asubuhi tutaenda wote kwenye shamba. Mpaka ile siku, mutu asing'oe kitu na asipande kitu. » Kusema vile si kukataa kazi. Ni kuiheshimu.

Mukatae matata ya jamaa yenu. Kama mumoja wa wale watu ni shemeji, mukwe, mudeni wako, ao mutu mwenye uko na kinyongo naye, sema wazi na toka. Kujilazimisha kutokuwa na upande mbele ya damu yako kunachokesha, na watu hawatakuamini.

Mujue la kufanya na zawadi. Desturi yetu inapenda kukunywa pamoja nyuma ya kupatana, na ni desturi nzuri. Lakini kasiksi yenye inakuja mbele ya mapatano, ao inaletwa nyumbani na mutu mumoja peke yake, irudishwe kwa upole. Wakisha kupatana, wote wakunywe pamoja mbele ya watu.

Muongee nyuma ya kazi. Watu wakisha kwenda, wale wapatanishi wawili wabaki nusu saa. Kila mumoja ajibu: nini imenigusa moyo? nini ilinikasirisha? nini naacha hapa, nisiipeleke nyumbani? Siri inabaki kati yao wawili. Hapa ndipo muzigo unaposhuka.

Muvuke mulango polepole. Mbele ya kuingia nyumbani, simama. Vuta pumuzi polepole, toa polepole zaidi, mara kumi. Nawa mikono na uso. Ni kitu kidogo, lakini mwili unaelewa kama kazi imekwisha.

Matata yenye siyo ya komite

Kuna muzigo wenye mupatanishi hapashwi hata kuugusa. Mutu ameuawa, silaha imetumika, mwanamuke ao mutoto amebakwa: ile siyo kazi ya komite ya koperative. Juu ya kubakwa, sheria za tarehe 20 Julai 2006 zinaweka malipizi makali, na kulipa mbuzi ao kuoza musichana kwa mwenye alimubaka siyo mapatano, ni kosa lingine juu ya lile la kwanza. Kazi ya mupatanishi ni moja: kusaidia mutu afike haraka kwenye hospitali. Dawa ya kukinga ukimwi inatumika tu mbele ya masaa 72 kupita. Akipoteza siku tatu katika mikutano ya kupatanisha jamaa, ile nafasi imepotea. Kesi yenyewe iende kwa wenye sheria.

Kujua kusema « hii siyo yetu » kunalinda yule mwenye aliumia, na kunalinda pia mupatanishi.

Kunoa jembe: kuendelea kujifunza

Jembe lenye halinolewi linalima, ndiyo, lakini mwenye kulishika anatumia nguvu mara mbili. Vilevile mwenye hajifunzi anachoka zaidi, sababu kila matata yanamushangaza kama ya kwanza.

Kaye ya mupatanishi. Kila matata yakisha kumalizika, aandike mistari mitatu, bila majina ya watu: jambo lilikuwa gani? nilifanya nini vizuri? mara nyingine nitafanya namna gani? Nyuma ya mwaka, ile kaye inakuwa mwalimu wake.

Mukutano wa mwezi. Wapatanishi wa koperative mbili tatu za jirani wakutane asubuhi moja kila mwezi. Walete jambo moja lenye liliwashinda. Wacheze kama mucheso: huyu awe mwenye shamba, yule mwenye ng'ombe, yule mupatanishi. Wengine waangalie, kisha waseme.

Kujua desturi na sheria. Mupatanishi wa Bushi ajue vizuri kama kalinzi ni haki ya kudumu yenye mutoto anaweza kurizi, na bwasa ni kukodi kwa muda mufupi. Mwenye bwasa hapandi kahawa ao bitoke, sababu miti inakaa kuliko mapatano. Matata ngapi yalianza kwa sababu mutu alikodi kwa bwasa, akapanda miti, na watoto wake wakasema ni kalinzi? Mwenye kujua maneno haya mawili anauliza swali la kweli tangu mwanzo, na anaokoa siku mingi.

Tena Kongo iko katika OHADA tangu mwaka wa 2012. OHADA iliandika sheria ya mapatano mwaka wa 2017. Inaomba mupatanishi ahakikishe kwa maandishi mambo matatu: yuko huru, hana upande, na yuko na nafasi ya kufanya ile kazi. Muangalie neno la tatu. Hata wale wenye waliandika ile sheria waliona kama mutu mwenye hana nafasi hapashwi kupokea jambo la wengine.

Deni ya koperative

Tusiseme tu « mupatanishi ajilinde ». Kidole kimoja hakivunji chawa. Koperative yenye inapenda amani ilipe deni yake:

– Salongo ya siku moja kwenye shamba la kila mupatanishi, mwanzo wa kila kipindi cha kupanda.
– Kiasi kidogo katika sanduku kwa unite za simu, karatasi na safari. Mukutano mukubwa ukihesabie kila mwaka, mbele ya wote.
– Wapatanishi wa kutosha, na vijana ndani. Kila muzee afundishe mumoja.
– Muda wenye kujulikana. Nyuma ya miaka miwili ao mitatu, mutu apumuzike bila kuulizwa alikosea nini.
– Kumutetea wakati anachafuliwa jina bila ushuhuda.

Na yule mama wetu? Wenzake wangefanya namna gani? Tunaona hivi: wangepanda shamba lake siku moja, wangerudi pamoja naye kwenye ule mupaka na wazee, wangefungua ile njia ya maji na kuandika karatasi mupya. Kuanza tena si haya. Haya ni kuacha watu washike panga kwa sababu ya karatasi yenye iliandikwa na usingizi.

Maulizo ya kuongea katika kikundi

1. Katika koperative yetu, nani anabeba matata mingi kuliko wengine? Tulimuuliza lini hali yake?
2. Ni matata gani tulimaliza mbio mbio, kisha yakarudi?
3. Tunaweza kufanya salongo kwa wapatanishi wetu tarehe gani, mbele ya kupanda?
4. Kwetu, mutu akibakwa usiku, nani anajua njia ya haraka ya kufika hospitali?

Muandike majibu ya ulizo la tatu kwenye PV ya mukutano, na tarehe yake. Kazi njema.