Hizo "gharama za ardhi" ni zipi?

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mume wangu ni fundi umeme. Tumepata nyumba Chanika, ina hati, na bei tumekubaliana na mwenyewe, milioni 60. Juzi dalali katuletea karatasi yenye gharama nyingine: ofisi ya mtaa milioni 6, yeye dalali milioni 3, mwanasheria milioni 1, na "gharama za ardhi" milioni 2 na nusu. Nilipouliza hizo za ardhi ni zipi akasema, "Mama, kuna mtu yuko njiani na hela taslimu." Mume wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Tulipofika nyumbani akaniambia nimemwaibisha, kwamba nyumba haipatikani kwa maswali. Ijumaa tunatakiwa kusaini. Shangazi, nimekosea kuuliza?
Mwalimu, Dar es Salaam

Hukukosea. Ungeuliza hata zaidi, na Ijumaa haijafika.

Nianze na zile milioni 6, maana ndizo zinazoniuma. Hiyo asilimia 10 ya mtaa imezoeleka hadi watu wanaitaja kama kodi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haina kifungu kinachompa mwenyekiti wa mtaa sehemu ya kumi ya bei ya nyumba. Nyumba yenye hati huhamishwa kwa idhini ya Kamishna wa Ardhi, kisha uhamisho unasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Ofisi ya mtaa nendeni, tena mapema, mkaulize kama nyumba ina mgogoro, kama muuzaji ana mke asiyejua kuwa inauzwa, kama kuna watoto wa marehemu wanaoidai. Majibu ya maswali hayo yameokoa watu wengi. Wakiwadai fedha, semeni kwa heshima, "Tunaomba kontroli namba." Malipo ya serikali yana namba hiyo, mnalipa benki au kwa simu, na risiti inatoka. Anayetaka fedha mkononi bila namba anajiombea mwenyewe. Akishikilia, namba ya TAKUKURU ni 113, kupiga ni bure.

Nasema kwa uchungu kwa sababu mimi nililipa. Kiwanja changu cha kwanza nilitoa asilimia 10, nikaandikiwa kwenye karatasi ya daftari, ikagongwa mhuri. Miaka baadaye nilipokwenda kutafuta hati, karatasi ile haikunipunguzia shilingi wala siku moja. Fedha ile ilikuwa ada ya mwanangu wa pili, na alikaa nyumbani muhula mzima. Sikuuliza kwa sababu niliona aibu, watu wote pale walikuwa wakubwa kwangu.

Sasa hizo "gharama za ardhi". Jina hilo ni gunia lililofungwa, na ninyi mna haki ya kulifungua. Ndani yamo mambo ya halali. Upo ushuru wa stempu, kama asilimia 1, ambao kwa nyumba yenu ni karibu laki 6. Zipo ada za kibali na usajili. Upo pia uthamini, kwa kuwa thamani ya kukokotolea kodi huidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, dalali hahusiki. Kila kimoja kiandikwe kivyake, na kiasi chake.

Halafu angalieni kama humo hawajapenyeza kodi ya muuzaji. Anayeuza nyumba hudaiwa na TRA asilimia 10 ya faida aliyoipata, au asilimia 3 ya thamani kama hana kumbukumbu za alichotumia kununua na kujenga. Kwa milioni 60, hiyo asilimia 3 ni milioni 1 na laki 8. Aliyeishi mwenyewe humo miaka kadhaa na faida yake ikawa ndogo anaweza kusamehewa. Bila kodi hiyo kumalizwa, uhamisho hausajiliwi, na hapo ndipo mnunuzi aliyekwisha kutoa fedha zake zote anapojikuta anamlipia mwenzake ili tu apate hati. Kama kuna malimbikizo ya pango la ardhi, nayo ni ya muuzaji. Mkiamua kumbebea chochote, bei ya nyumba ishuke kwa kiasi hicho hicho.

Dalali ametembea, anastahili ujira. Lakini ujira wake ni wa kupatana, na mara nyingi anachukua pande zote mbili, kwa hiyo muulizeni muuzaji anampa kiasi gani. Mwanasheria kama ameletwa na dalali, tafuteni wenu. Kazi yake ya kwanza iwe upekuzi wa hati, kabla hajaandika hata neno moja la mkataba.

Huyo mtu aliye njiani na hela huenda yupo kweli. Nyumba ikienda itawauma, najua, lakini milioni 60 zenu zitakuwa bado benki.

Mumeo simlaumu. Mtu aliyejinyima miaka mingi akikaribia kupata nyumba huogopa kila neno linaloweza kuiondoa. Usibishane naye mbele ya wageni. Leo usiku watoto wakilala, iweke karatasi ile mezani, mpitie mstari kwa mstari: nani anadai, kwa sheria gani, risiti itatoka wapi. Akiziona laki 6 kando ya milioni 2 na nusu, atataka kuuliza yeye mwenyewe. Basi yeye ndiye ampigie dalali kesho. Majibu yaingie ndani ya mkataba, kila gharama na jina la anayeilipa. Yasipokuja, Ijumaa msisaini.