Punda amekula mahindi: weka chini hiyo chupa ya mafuta

SWALI: Daktari, nina punda wawili wa mkokoteni hapa Kitale. Juzi usiku mmoja alivunja mlango wa ghala akala mahindi makavu. Sijui alikula kiasi gani, ila gunia limepungua sana. Jana alionekana mzima, nikamfanyisha kazi nusu siku. Leo hataki kutembea na amesusia majani. Jirani anasema nimnyweshe mafuta ya kupikia na magadi kwa chupa, halafu nimkimbize hadi tumbo lifunguke. Nifanye hivyo? — Msomaji, Trans Nzoia

JIBU: Usimnyweshe wala usimkimbize. Mpigie daktari wa mifugo simu sasa hivi. Yanayofuata utayasoma ukimsubiri.

Kila msimu wa mavuno naulizwa swali hili, na mara nyingi naulizwa wakati chupa imeshatumika. Jirani yako hana nia mbaya. Ushauri wake umetoka kwa ng'ombe. Ng'ombe aliyevimbiwa kwa povu hunyweshwa mafuta, povu likavunjika, akabeua hewa na kupata nafuu. Wafugaji wameliona hilo kwa macho yao, wakaamini kwamba dawa ya tumbo ni moja kwa mifugo yote. Punda si ng'ombe. Hacheui, na kama farasi, hatapiki. Alichokimeza hakirudi juu.

Tazama sasa kinachotokea kwa hiyo chupa. Watu wawili wanamshika punda, wanamwinua kichwa na kummiminia. Mnyama anahangaika, kichwa kiko juu, kumeza ni shida, na sehemu ya mafuta inapita njia ya hewa. Pengine atakohoa kidogo tu, nanyi mtaridhika kwamba dawa imeingia. Siku chache baadaye anapumua kwa taabu, usaha unamtoka puani na homa imepanda. Mafuta yakishaingia mapafuni, hakuna sindano ya kuyatoa. Nimewatibu punda ambao matumbo yao yangepona, wakafa kwa nimonia iliyoletwa na chupa.

Najua wengine watasema wamemwona daktari akitumia mafuta. Ni kweli, huwa tunayatumia. Lakini daktari hupitisha mpira puani mpaka ndani ya tumbo, akahakikisha kwanza kwamba haukuingia kwenye mapafu, akatoa kilichojaa, ndipo akamimina mafuta maalumu au mkaa wa dawa. Mpira huo ndio tofauti ya tiba na mauaji. Magadi nayo hayasaidii: asidi inayomdhuru punda hutengenezwa mbali, kwenye utumbo mpana, ambako nafaka iliyozidi huchacha na kutoa sumu inayoingia kwenye damu.

Hayo ya utumbo yatosha. Linalonihangaisha zaidi ni miguu.

Punda wako alikula mahindi juzi na leo hataki kutembea. Jirani anatibu tumbo, lakini naogopa ugonjwa umeshateremka kwenye kwato. Sumu ile ikizunguka kwenye damu, nyama laini inayoushikilia mfupa ndani ya kwato huvimba na kuanza kuachia, kama kucha inayong'oka kutoka kidoleni, ila yeye analazimika kuzikanyaga hizo kucha kwa uzito wake wote. Dalili huanza mara nyingi siku ya kwanza au ya pili baada ya kula. Ndiyo maana jana alionekana mzima. Kumkimbiza leo ni kuuvuta mfupa uachane na kwato kabisa, na punda aliyefikia hapo huenda asikokote mkokoteni tena.

Sasa niseme na wenye punda wote. Ule usemi wa punda afe mzigo ufike umewaharibu wengi. Punda huficha maumivu. Farasi mwenye msokoto wa tumbo hugaagaa na kupiga teke tumbo lake, kila mtu akajua. Punda hunyamaza, hulaza masikio, huacha kula na hupunguza kinyesi, basi. Ukingoja agaegae ndipo uamini anaumwa, umechelewa. Saa ya kumwita daktari ni ile unapokuta gunia limefunguliwa, mnyama akiwa bado mchangamfu. Saa hizo za mwanzo nafaka inaweza kutolewa tumboni, na kwato zikiwekwa kwenye maji ya barafu mfululizo, usiku na mchana kwa siku 2 au 3, tunaweza kuzuia kile kinachompata punda wako leo. Kesho yake nafasi hiyo huwa imepungua sana. Ada ya daktari si ndogo, najua, lakini linganisha na bei ya punda mwingine.

Wakati unamsubiri daktari, mwondoe kwenye mahindi na pumba, mpe maji safi, na mweke mahali penye mchanga au maranda mengi asimame kwa raha. Asivute hata debe la maji. Kama amelala, mwache alale. Dawa ya maumivu ya binadamu usimpe.

Wala usimfungishe siku tatu "ili tumbo lipumzike", kama wengine wanavyoshauri. Punda anayekaa bila kula, hasa mnene au mwenye mimba, huanza kuyeyusha mafuta ya mwili yakafurika kwenye damu na kuharibu ini, na hilo peke yake linaweza kumuua. Mwekee nyasi kavu mbele yake. Akikataa, mwambie daktari ni tangu lini.

Mweleze pia saa uliyokuta mlango umevunjwa, gunia lilipungua kwa kadiri gani, na kama mahindi yalikuwa na ukungu. Mahindi yaliyooza, ambayo wengine humpa punda kwa sababu watu hawayawezi, yanaweza kuwa na sumu inayoharibu ubongo wake. Na wewe msomaji mwingine, ambaye punda wako ameingia kwenye chakula cha kuku, usingoje dalili hata moja. Baadhi ya vyakula hivyo vina monensini, dawa ambayo kuku huistahimili lakini huua moyo wa punda na farasi hata kwa kiasi kidogo. Mwite daktari saa hiyo hiyo, na umwonyeshe mfuko wenyewe.