Kompyuta ya Mgeni na Printa za Pamoja: Mwongozo kwa Watumishi na Wenyeji wa Wageni

Kijitabu hiki kimetolewa na Kitengo cha TEHAMA baada ya kuongezeka kwa malalamiko ya wakaguzi, wakufunzi na washauri elekezi wanaofika ofisini na kompyuta zao za mkononi, wakahitaji kuchapa waraka wa kurasa chache, kisha wakaambiwa kuwa printa wanayoiona kwa macho yao haipatikani. Malalamiko hayo yana msingi. Hata hivyo, njia ya mkato ambayo watumishi wengi wamekuwa wakiitumia kuyanyamazisha ina madhara makubwa kuliko usumbufu wenyewe, na hiyo ndiyo sababu ya utaratibu mpya unaoelezwa humu.

Printa ya pamoja ni ile ambayo haikufungwa kwenye kompyuta moja, bali imeunganishwa na mtandao wa ndani wa ofisi ili itumiwe na wengi. Kwa kawaida kazi ya kuchapwa hupitia kwanza kwenye seva ya uchapaji, yaani kompyuta inayopokea kazi, kuzipanga foleni na kuweka kumbukumbu ya nani ametuma nini na saa ngapi. Seva hiyo huwatambua watumishi kwa majina na nywila zao, lakini kompyuta ya mgeni haiijui, na kwa hiyo mgeni anapojaribu kuifikia hutokewa na kidirisha kinachodai jina la mtumiaji na nywila.

Hapo ndipo kosa hutendeka. Mtumishi mkarimu huisogelea kompyuta ya mgeni, akaandika jina na nywila yake mwenyewe, akaweka alama kwenye kisanduku cha kukumbuka taarifa hizo ili kidirisha kisirudi, na karatasi zikatoka. Kinachosahaulika ni kwamba nywila hiyo si ya printa. Ndiyo hiyohiyo inayofungua mafaili ya pamoja ya idara, na katika taasisi nyingi hufungua pia barua pepe ya kazini. Nayo hubaki imehifadhiwa katika kompyuta ya mgeni hata baada ya kuzimwa na kuwashwa upya. Mgeni asiye na nia mbaya anaweza kujikuta ndani ya mafaili ya mishahara kwa sababu seva inamdhania kuwa mtumishi, na endapo kompyuta yake imekwishaingiliwa na programu ya wizi wa nywila, programu hiyo haitamwomba ruhusa yeye wala mwenyeji wake. Kumbukumbu za seva zitaonyesha jina moja tu, la mtumishi aliyeazimisha nywila.

Nchini Tanzania jambo hili si la nidhamu ya ofisi pekee. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazitaka taasisi kuzilinda taarifa za watu zilizo mikononi mwake. Kitengo hakijaona katika sheria hizo kifungu kinachoutaja ukarimu kuwa utetezi. Inarudiwa kwa mkazo: nywila ya mtumishi haiingizwi katika kompyuta ya mgeni, hata kwa ukurasa mmoja, hata mgeni awe nani.

Wapo wageni wanaokwama hata baada ya kidirisha hicho, kwa kuwa kompyuta hudai idhini ya msimamizi ili kuweka draiva, ambayo ni programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na aina fulani ya printa. Katikati ya mwaka 2021 iligunduliwa kasoro iliyoitwa PrintNightmare katika huduma ya uchapaji ya Windows, iliyomwezesha mshambuliaji kuendesha programu zake kwa mamlaka yote ya mfumo, na tarehe 10 Agosti mwaka huo Microsoft ilitoa marekebisho yanayowazuia watumiaji wa kawaida kuweka draiva kutoka kwenye seva. Kitengo kilishawishiwa mara nyingi kuulegeza ulinzi huo na hakikuulegeza. Kumwelekeza mgeni atafute draiva kwenye tovuti asizozijua si msaada, kwani ni kumkaribisha mwizi kwa jina la fundi.

Utaratibu sahihi ni mwepesi kuliko kosa. Mgeni huunganishwa na waifai ya wageni, iliyotengwa na mtandao wa watumishi, na hutumia printa iliyotengwa kwa ajili hiyo karibu na mapokezi. Printa hiyo hupokea kazi kwa itifaki ya IPP, yaani kanuni za mawasiliano ya uchapaji zinazoeleweka na printa za watengenezaji mbalimbali. Windows 10 na 11 zina draiva ya jumla kwa ajili yake, na vifaa vya Apple huitumia kupitia AirPrint tangu mwaka 2010. Printa isipojitokeza kwenye orodha, haimaanishi kuwa ni mbovu, kwa kuwa matangazo ambayo printa hujitambulisha nayo kwa kawaida hayavuki kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Mgeni ataongeza printa kwa kuandika anwani iliyobandikwa mapokezi. Kazi yake itasubiri hadi abonyeze namba yake ya siri kwenye printa, ili waraka usikae kwenye trei ukisomwa na wapita njia.

Waya wa mtandao ulioko ukutani usichomekwe katika kompyuta ya mgeni. Printa nyingi hupokea kazi kupitia mlango wa mawasiliano ya mtandao (port) namba 9100 bila kuuliza jina la mtumaji, hivyo anayeufikia mtandao wa watumishi huikwepa seva pamoja na kumbukumbu zake.

Huduma ni kwa wageni walioandikishwa mapokezi na wenye mwenyeji anayejulikana. Idadi ya kurasa na gharama hufuata taratibu za idara mwenyeji.

Mtumishi ambaye nywila yake imekwishaingia katika kompyuta ya mgeni anapaswa kuifuta katika sehemu ya Windows inayohifadhi nywila, lakini kufuta pekee hakutoshi, kwani nakala huenda imekwishachukuliwa. Nywila ibadilishwe siku hiyohiyo, kwa kutumia kompyuta nyingine, na Kitengo kiarifiwe. Atakayetoa taarifa mwenyewe atasaidiwa. Atakayegunduliwa kupitia kumbukumbu za seva atatakiwa kujieleza kwa maandishi.