Picha Isiyo na Jina

Somo: Yoshua 4:1-7

Waisraeli walipovuka Yordani waliagizwa kutoa mawe kumi na mawili mtoni, ili watoto wakiuliza maana yake wapate jibu. Angalieni jambo hili: jiwe lenyewe halisemi. Lazima awepo mzazi wa kujibu.

Ndivyo zilivyo picha zetu. Wengi tulifika Nakivale mikono mitupu. Aliyebahatika ana picha moja ya paspoti ndani ya Biblia. Igeuze: je, nyuma pana jina? Wewe unamjua baba yako. Mjukuu wako aliyezaliwa hapa Isingiro ataona mzee mwenye koti, basi.

Julai 1994 karibu watu milioni moja walivuka kutoka Rwanda wakaingia Goma kwa siku chache tu. Watoto wengi walipotezana na wazazi, na wengine walikuwa wadogo mno hata kutaja majina yao. Mashirika ya misaada yakawapiga picha mmoja mmoja, kila mtoto na namba yake, zikabandikwa kwenye mbao ili wazazi wapite wakitafuta. Wako waliopatikana hivyo. Uso ulisema pale mtoto aliposhindwa, na namba ikaonyesha alipo.

Kigali nako, kwenye ukumbusho wa Gisozi uliofunguliwa mwaka 2004, jamaa walileta picha za wapendwa wao waliouawa, zikatundikwa. Katika sehemu ya watoto wameandika hata chakula ambacho mtoto alikipenda, na rafiki yake alikuwa nani. Mimi naona maneno hayo machache yanamrudisha mtoto kuliko tarehe ya kifo chake.

Basi jioni hii andikeni nyuma ya picha: jina, mtoto wa nani, kijiji, mwaka, na kitu kimoja alichopenda. Tumieni penseli laini, msikandamize, wino hupenya. Asiye na picha akae na bibi, aandike kwenye daftari: urefu, kovu, namna alivyocheka. Nanyi wa Makenke mlio karibu na studio za Mbarara, wapigisheni wazee picha wangali hai.

Ila tahadhari. Wengine tulikimbia watu wanaotutafuta kwa ubaya, kwa hiyo usimpe picha kila anayedai atakutafutia ndugu. Nenda Msalaba Mwekundu. Kazi hiyo hawaitozi pesa.