SOMO LA AFYA: VIRUSI VINAVYOWINDA BAKTERIA

Siku moja tulipomaliza somo la kipindupindu, mzee mmoja aliinua mkono akasema: "Mwalimu, nimesikia kwa redio ati mtoni kuna wadudu wanaokula viini vya kipindupindu. Kama ni hivyo, mbona tunamaliza kuni kuchemsha maji?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa maana swali lilikuwa zuri na jibu lake sikuwa nalo yote.

Kwanza, ni kweli wapo. Mwaka 1896 Mwingereza aitwaye Hankin, akiwa India, aliandika kwamba maji ya mto Ganges yana kitu kinachoua viini vya kipindupindu. Mwaka 1917 Félix d'Herelle, akifanya kazi Paris, alikipata kitu cha namna hiyo katika choo cha wagonjwa wa kuhara damu. Akakiita bakteriofaji, yaani mla bakteria. Sisi tutasema faji tu. Faji ni virusi. Hawezi kuzaa peke yake. Lazima aingie ndani ya bakteria.

Sasa ataingiaje? Faji hana macho, wala haogelei. Anasukumwa huku na huku na maji mpaka agongane na bakteria. Kugongana tu hakutoshi. Mmeona vile kupe akipanda ng'ombe hutembea akitafuta ngozi laini, hashiki popote tu? Faji naye ana mahali pake pa kushika. Ngozi ya bakteria ina vitu vingi vilivyojitokeza nje: milango ya kupitishia chakula, vinyweleo, na minyororo ya sukari. Kila aina ya faji inajua kimoja au viwili kati ya hivyo, kama ufunguo unavyojua kufuli yake. Ndiyo sababu faji wa bakteria mmoja humpita mwingine bila kumgusa, na seli za mwili wa binadamu haziambukizi.

Tumchukue faji aitwaye T4, ambaye amechunguzwa sana. Yeye huwinda bakteria wa tumboni waitwao E. koli. Ni mdogo ajabu: wapange elfu tano kwa mstari, utapata milimeta moja. Ana kichwa, mkia, na miguu sita mirefu na myembamba. Mguu mmoja ukigusa kufuli unashika kidogo, na unaweza kuachia. Miguu kadhaa ikishika pamoja, sahani iliyo chini ya mkia inabadilika umbo na kushusha miguu mingine mifupi. Hiyo ikishika, basi, hakuna kurudi nyuma.

Hapo mkia unafanya kazi kama sindano ya daktari wa mifugo. Ala ya nje inajikunja hadi chini ya nusu ya urefu wake, na bomba lililo ndani linasukumwa kupenya ngozi ya bakteria. Kwenye ncha kuna kimeng'enya kinachoyeyusha ukuta wa ndani. Kisha uzi wa urithi, ule uitwao DNA, unapita kwenye bomba kuingia ndani. Uzi huo ni mrefu kuliko kichwa cha faji zaidi ya mara mia nne, kwa hiyo ulikuwa umeshindiliwa kama pamba ndani ya gunia. Ganda linabaki nje, tupu. Jambo hili lilithibitishwa mwaka 1952 na Alfred Hershey na Martha Chase. Baada ya karibu nusu saa bakteria anapasuka, wanatoka faji wapya mia moja au zaidi.

Turudi kwa kipindupindu, maana huko ndiko mzee alikotaka tufike. Yupo faji aitwaye ICP1, aliyepatikana kwa wagonjwa wa Bangladesh. Anashika minyororo ya sukari iliyo juu ya kiini cha kipindupindu. Kiini kinaweza kuitupa minyororo hiyo ili faji akose pa kushika, lakini kikifanya hivyo kinashindwa kukaa vizuri kwenye utumbo wa mtu. Yaani kinaokoka kwa faji, kinaumia kwingine.

Hadi hapo mzee anashinda. Lakini yupo faji mwingine, mwembamba kama uzi, aitwaye CTX. Huyu hushika vinyweleo ambavyo kiini hutumia kujikusanya ndani ya utumbo. Akiingia haui. Anaunganisha uzi wake na ule wa kiini na kukaa humo kama mpangaji. Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos walionyesha kwamba ile sumu inayofanya utumbo umwage maji mpaka mtu akauke inatoka kwa uzi wa faji huyu! Kwa hiyo kiini kisicho na sumu kinaweza kuipokea kutoka kwa faji.

Nilimrudia mzee na jibu hili. Nikamwambia pia kwamba faji muuaji hamalizi viini vyote: vikipungua, kugongana navyo kunakuwa kwa nadra, na vilivyobaki vinatosha kumlaza mtoto. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi wacha tukate kuni."

Maswali ya kikundi

1. Leteni kufuli tatu na funguo zake, mzichanganye. Kila mtu ajaribu kufungua. Hii inatuonyesha nini juu ya faji na bakteria?

2. Faji anayeua na faji anayekaa kama mpangaji wanatofautianaje?

3. Mtu akiyaangalia maji ya kisima chenu kwa macho, anaweza kujua ni faji gani yumo? Sasa mnayatayarishaje kabla ya kunywa, na ni nyumba ngapi bado hazifanyi hivyo?