Kabla hujapanga stoo, uliza maji yaliishia wapi

Leo tuache matangazo na bei, tuongee maji.

Mei 2024 Mto Kanoni ulifurika hapa Bukoba mjini. Mimi nauza viatu na vitenge mtandaoni, stoo yangu ilikuwa chumba cha kupanga karibu na mto, maboksi nimeyaweka chini sakafuni. Naamka asubuhi maji yako magotini. Jozi 41 zimeloa, na 9 kati ya hizo wateja wa Muleba walishazilipia. Nilirudisha hela zao kidogo kidogo kwa miezi mitatu.

Mvua sio ya kulaumu, masika Kagera tunaijua tangu utoto. Kosa ni langu, sikuuliza. Bibi jirani aliniambia baadaye, "Mjukuu wangu, si maji huwa yanafika kwenye ile alama ya ukutani?" Mimi nilidhani ni uchafu tu.

Na usiseme miaka ya nyuma palikuwa pakavu. Mji unakua jamani. Kila bati jipya na kila uwanja wa saruji huko vilimani unazuia maji kuzama ardhini, yote yanashuka mtoni kwa mkupuo. Ziwa Victoria nalo likijaa sana, kama 2020 na 2024, mto unachelewa kumwaga.

Kwa hiyo chumba kikague siku ya mvua kubwa. Simama mlangoni uone maji yanaelekea wapi. Uliza wapangaji wa zamani, dalali muache. Pima alama ya juu kabisa kwa futi kamba, mzigo wako uanzie juu ya hapo.

Mimi nilihama. Nimepigilia chaga za mbao usawa wa kifua, vitenge vinakaa kwenye ndoo za rangi zenye mifuniko, daftari la oda nalipiga picha kila jioni. TMA wakitoa utabiri wa masika naufuatilia, nusu ya mzigo naupeleka mapema kwa shangazi yangu Muleba, nyumba yake iko kilimani. Wateja wa huko wanachukulia kwake, hata barabara ikileta shida oda hazilali.

Kile chumba cha zamani kinatangazwa tena, kodi imeshuka. Wamepaka rangi mpya, alama haionekani.